Funguo Saba, Lutoboka

Nina funguo saba kiunoni, hakuna hata mmoja ulio wangu.
Mlango wangu mimi naufunga kwa kipande cha wavu.

Wenyewe huja Krismasi, huja Pasaka,
na sikukuu ikiangukia Ijumaa huja pia;
feri inawatapika na majokofu yao ya nyama,
na watoto wanaouliza kama ziwa lina papa.
Siku tatu muziki. Siku ya nne chupa.
Mimi ndiye siku ya tano, na ya sita,
na miezi ambayo hakuna aliyewahi kuipiga picha:
Machi, wadudu wanapoinuka majini
kama moshi wa jiko lisiloonekana
na kuuweka uji mvi;
Oktoba, umeme unapokwenda matembezi siku tisa,
ukungu ukipanda makochi, kimya, kama mgeni mwenye haki.

Nyumba isiyokaliwa huzeeka mbio kuliko mama wa watoto kumi.
Nawaeleza kwa simu. Wananitumia pesa ya rangi.

Jeshini nililinda daraja, kule kwetu Koboko.
Daraja, angalau, watu hupita.

Kisha Ssebunnya, dalali, akapiga:
"Mzee, ule ufuo bado upo?"
"Upo," nikasema, "ila uko chini."
"Chini ya nini?"
"Chini ya maji."
Akanyamaza kidogo. Nikamsikia akihesabu.

Wakaja Jumanne, mume na mke wa Ntinda,
na mpima ardhi mwenye mashine ya miguu mitatu.
Hati ilisema mawe manne.
La kwanza tukalikuta chini ya banda la kuku,
la pili kwenye mizizi, la tatu
Nalunkuma alikuwa akianikia mukene juu yake,
akalifuta kwa kanga kabla ya kutupisha.
La nne hakuna.
Mpima akatazama mashine, akatazama ziwa,
akatazama tena mashine, kama mtu aliyetukanwa.

Ndipo Ddungu, mtoto wa Nalunkuma, miaka tisa,
akavua shati, akaingia.
Magoti. Kiuno. Kifua.
Akapapasa kwa nyayo, akainua mkono:
"Nimelikanyaga!"
Akasimama pale, maji kidevuni,
kona ya kaskazini-magharibi ya mali ya watu,
naye mpima akamsoma, akamwandika daftarini
kwa tarakimu sita baada ya nukta.
"Usitikisike," akamwambia.
Hakutikisika.

Ssebunnya hakupepesa jicho:
"Mnaona? Maji yenu binafsi!"
Akaongeza milioni kumi papo hapo.
Mume akakunja uso. Mke akacheka,
akavua viatu, akaingia hadi kwenye vifundo,
akatazama mbali, kule kusiko na kitu cha kununua.

Walinunua.

Sasa nina ufunguo wa nane: wa geti.
Geti jekundu, limesimama peke yake kwenye nyasi,
halina ukuta, halina nyumba.
Kuku hupita kushoto, ng'ombe kulia.
Mimi hulifungua na kulifunga. Ndiyo kazi.

Nalunkuma amehamia juu, nyuma ya michikichi,
anashuka na beseni lake alfajiri, anapanda nalo usiku.
Juzi aliliegemea geti kupumzisha mgongo.
"Niambie," akasema, "mwanangu alipokuwa jiwe lao,
jiwe hulipwa?"
Nilimwambia nilimpa soda.
"Soda gani?"
"Ya machungwa."
Akafikiri, akajitwika beseni.

Jioni naenda nyumba hadi nyumba nikiwasha taa
ili wezi wadhani kuna watu.
Wavuvi wanaorudi husema kutoka majini
mji wetu unapendeza, umejaa,
unaweza hata kuhisi harufu ya chakula.

Hiyo harufu ni yangu.
Napika nje, kwenye mawe matatu.
La nne sina.