Penseli

Niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko.
Cheti changu cha kidato cha nne hakina la kujivunia,
ila herufi zangu husimama wima
kama watoto mstarini.
"Wewe utatushikia daftari," alisema Bosi Mkwinda,
"manispaa wamekuja na sheria yao."

Sheria yenyewe ilikuwa karatasi moja,
imebandikwa ukutani kwa gundi ya matairi:
kila kinachonunuliwa kiandikwe,
aliyekileta aonyeshe kitambulisho, aweke dole gumba,
kisha kitu kikae siku saba kwenye shelfu
kikimngoja mwenyewe, kama yupo.

Duka letu liko Gerezani.
Wateja wanaupenda utani huo:
mzigo uko Gerezani, mwizi yuko nyumbani.

Siku ya kwanza nikanunuliwa daftari la kurasa mia mbili,
kidau cha wino wa dole,
na penseli.
Nikasema, bosi, karatasi inasema kalamu.
Akasema, "Karatasi hailipi kodi ya fremu."
Jioni akaniletea na raba, inanukia ndizi.

Namba 1. Pasi, waya umekatwa kwa kisu.
Namba 2. Taa ya nyuma ya Noah, ya kushoto.
Namba 3. Vioo vya pembeni, jozi;
namba ya gari ilichongwa, imesuguliwa kwa msasa,
imebaki T, na kitu kama 7, au 1.
Namba 9. Simu. Bado ina picha ya mtoto
aliyevaa joho la chekechea.

Yule wa vioo alijiita Method, dereva.
Baada ya wiki alikuwa Omega, fundi redio.
Mwezi uliofuata akaja kanyoa ndevu, akawa Saidi.
Mimi naandika tu.
Lakini dole lake lina kovu la mshazari,
kama njia ya mkato katikati ya kiwanja cha mpira,
na kila ukurasa linanikonyeza.
Jina ni shati, mtu huvua.

Afisa biashara alikuja mara mbili.
Alihesabu kurasa, hakusoma.
Akagonga muhuri, akanywa soda,
akaondoka na chaja ya simu.
Chaja ile haikuandikwa.

Bibi yangu alizoea kusema
mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari lenye raba hakunihadithia.

Kisha akaja Asteria Mbunda, kutoka Yombo Vituka,
na risiti ya cherehani
iliyokunjwa mpaka ikalainika kama bitana.
"Nyeusi. Gurudumu limechubuka hapa.
Mguuni nilifunga uzi mwekundu."

Nilikuwa naijua. Namba 63.
Ilikaa siku mbili, ikaondoka ndani ya buti la Probox.
Nikafungua ukurasa. Bosi akakohoa.
Mstari wa 63 ulikuwa mweupe kuliko mingine,
karatasi imeota manyoya.

Asteria akapitisha kidole.
"Hapa paliandikwa," akasema.
Fundi nguo anajua palipofumuliwa.

Ila raba haili wino.
Mwisho wa mstari ule mtupu
dole lilikuwa limebaki, zima, na kovu lake.

Hakupiga kelele. Alipiga picha,
akatoka kuelekea Msimbazi.
Walimwambia nini huko, sijui.
Nasikia kituoni nako wana daftari.

Asubuhi nimenunua kalamu, shilingi mia tatu, yangu mwenyewe.
Saa nne bosi ameingia
na televisheni imefungwa kwenye kanga.
"Ya shemeji," amesema, "weka tu pale."

Namba 88, nimeandika. Televisheni. Kanga ya bluu.
"Unaandika nini?"
Nimesogeza kidau upande wake wa meza.

Dole, bosi.

Anacheka. Kidau kiko wazi.
Kwa joto hili, wino haukawii kukauka.