Mdomo Mwekundu

Asubuhi Rangpur, ukungu bado haujaamua kuondoka,
Shefali yupo juu ya mianzi miwili,
mguu huu chini, ule juu,
kama apandaye ngazi isiyo na ghorofa.
Bomba linakohoa, linameza, linatema:
maji ya tope, kisha maji meupe,
yakiteleza mferejini kuufuata mpunga.

Ng'ambo ya tuta Tofazzal kawasha dizeli.
Dude linanguruma. Kwa dakika kumi
linavuta jasho lake la siku nzima,
na kila likivuta, bomba la Shefali linameza hewa.
"Nikuuzie? Kwa saa, si kwa ndoo."
Hajibu. Anamfunga mtoto mgongoni,
uzito uongezeke.

Nyumbani ipo nyingine, ya mkono,
mpini umeng'azwa na viganja vya mama mkwe.
Maji yake baridi, matamu, hayana kosa machoni.
Walikuja watu na vichupa,
wakaipaka mdomo rangi nyekundu.
Sumu hii, walisema, haina ladha.

Jioni huoshea miguu tu hapo,
miguu iliyonywesha shamba,
kisha hushika ndoo, huvuka mitaro miwili
kwenda kuomba kiu yake
kwenye mdomo wa kijani.