Mkono wa Mwiko

Leo nimeuona moyo wako, Shaame,
kwenye kioo cha hospitali, Chake,
mweusi na mweupe kama televisheni ya zamani,
nami nimesimama pembeni nimeshika kanzu yako.

Nilidhani nitaona kitu kilichochoka.
Kumbe una ukuta mnene, umeshiba misuli
kama huo mkono wako wa kulia,
mkono wa mwiko,
miaka thelathini na moja juu ya sufuria la shaba,
wanga umeshaanza kukaza nawe huwachi,
maana halua ukiiwacha inashika chini.

"Unasukuma vizuri," alisema Dokta Rukia,
yule binti wa kwao Limbani.
Ukadhani anakusema wewe.
"Ndiyo kazi yangu, mwanangu," ukamjibu.
Akacheka kidogo, kisha hakucheka.
"Ukishasukuma haulegei.
Damu inapiga hodi,
mlango unafunguka nusu."

Presha unayo tangu ule mwaka wa karafuu nyingi.
Vidonge ukavifunga kwenye pindo la shuka,
ukimeza siku kichwa kikigonga tu.
Na moyo, kila pigo,
ukisukuma mlango ulioegemewa upande wa pili.
Mwenye kazi hiyo usiku na mchana
hunenepa bega,
husahau kukaa.

Sasa nimeielewa mito mitatu.
Nimeelewa kwa nini usiku wa manane
unakaa kitako, mdomo wazi, unatafuta pumzi,
unasema ni joto,
na mie, mwezi wa saba huu, nimejifunika shuka mbili.
Damu iliyokosa pa kuingia
imejazana barazani, mapafuni,
na nyingine imeteremka miguuni:
nikibonyeza, kidole changu kinabaki
kama kwenye halua haijapoa.

Ila mie nakujua. Kupokea hukujaaliwa.
Asaa akileta pesa kutoka Mombasa, unamrudishia.
Jirani akileta kibakuli cha futari
kinarudi kimefurika.
Nami miaka yote nikiita uungwana.

Ng'onda nimeigawa.
Chumvi usiniulize.

Umelala. Vidole vya kulia vimejikunja
kama vimeshika mpini.
Nimevifungua kimoja kimoja, polepole, nisikuamshe.
Cha mwisho kimekataa.
Sikukivuta.
Nimetia changu ndani yake,
nangoja.