Duara Jekundu

Majarida huja Tabora kwa treni,
yakifika yameshachacha.
Aliyefunga ndoa kwenye jalada
akitufikia na pete yake
kule ameshaachika.

Nina saluni Isevya, viti viwili,
draya moja inayokoroma.
Jarida moja hupita mikono arobaini
mpaka kurasa zinalainika kama kanga ya kubebea mtoto,
na mafuta ya nywele yanaloweka picha
hata tangazo la sabuni lililo nyuma
linajitokeza kwenye shavu la mtu.

Wiki hii shavu ni la Nyamizi.

Wao humwita Mizi. Wamemkata Nya
kama fundi anavyokata mikono ya gauni.
Ukurasa wa nne: *Amenenepa!*
Toleo la mwezi uliopita, ukurasa uleule:
*Amekonda, kulikoni?*
Mwenzake wa kiume waliyecheza naye filamu
yuko ukurasa wa kumi na kitambi chake,
anaulizwa mipango yake ya baadaye.

Na chini, kwenye goti lake la kushoto,
duara jekundu, mshale,
na swali kwa herufi za kupiga kelele:
KOVU LA NANI?
Chanzo cha karibu kinasema ni kipigo cha yule mfanyabiashara.
Chanzo kingine, cha karibu zaidi,
kinasema alichotwa nyama hospitali ya nje
akajazie kwingine.

Chanzo cha karibu ni mimi.
Hakuna aliyeniuliza.

Tulikuwa darasa la sita. Baiskeli ya baba, Foniksi,
breki zimekufa zamani.
Nyuma nimempakia yeye, amekumbatia kidumu cha asali
ya kupeleka stesheni kwa abiria.
Kwenye mteremko wa kuvukia reli nikamwambia,
achia mikono, tuone.
Akaachia.
Kokoto, damu, asali,
na nyuki wakatufikia kabla ya watu.
Nyumbani alisema alijikwaa.
Fimbo ya kidumu akaila peke yake,
jina langu hakulitaja.

Sasa nisikilizeni mimi, mwenye siri.
Jumamosi mteja alilifunua jarida chini ya draya,
akasema, huyu si alipigwa, tazama.
Saluni nzima ikamgeukia goti.
Nami, chanuo mkononi, nikacheka,
nikasema, lisemwalo lipo.
Nilisema hivyo. Kwa kinywa hikihiki
kilicholamba asali ya kwao vidole vyote vitano.

Jumatatu jioni akaja mama yake,
nimsuke twende kilioni, ya haraka.
Macho yake siku hizi yana ukungu,
anaijua noti kwa kuipapasa.
Akaketi chini, kichwa kwenye mapaja yangu.
"Nasikia katoka tena. Nisomee."

Nikasoma: "Wanasema amependeza."
"Enhe."
"Wanasema gauni limemkaa."
"Enhe."
"Wanasema, eeh, ana bidii, anapenda kwao."
"Yote hayo kwa mistari mitatu?
Na huo wekundu? Wekundu bado nauona."

Nikatafuta uongo wa nne, sikuupata.
Akalichukua jarida, akalileta karibu na pua
kama anayenusa mboga iliyolala,
kidole chake kikalifuata duara taratibu, mzunguko mzima,
kikarudi kilipoanzia.

"Goti," akasema.
"Hapa ndipo ulipomwangusha."

Miaka ishirini na mitatu.
Nje muuza karanga alipita akigonga kopo lake,
draya ikakoroma bila kichwa ndani,
na kichwa cha yule mama, nusu kimesukwa, nusu kimetimka,
kilikuwa kizito mapajani mwangu kuliko mtu mzima.

Nilitaka kusema neno.
Akakunja jarida, akaliweka chini ya goti lake
lisimwumize kwenye sakafu.

"Suka, mwanangu, giza linaingia.
Na upande huo
usinibane sana."