Hezi Mia Mbili na Themanini

Łódź, Februari. Kiwanda hiki kilisokota pamba
enzi za mababu wa watu; sasa ghorofa ya chini ni studio yangu,
na mabomba ya joto yamegoma tangu Jumanne.
Ksawery mpiga ngoma hajavua glovu,
anakunywa chai kwenye glasi, bila maziwa,
na kila wimbo ukianza anasema lilelile:
"Teke langu halisikiki. Pandisha."

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Simlaumu. Ila chini kule, kwenye hezi sitini,
pana kitanda kimoja cha mtu mmoja:
ngoma ya mguu ikilala, besi ilale sakafuni;
wakilala wote wawili, hapati usingizi msikilizaji.
Basi nagawa. Sitini naipa ngoma,
tisini mpaka mia naiachia besi,
hapa natoa desibeli tatu, pale natia mbili,
kama mama agawaye minofu, macho ya watoto yote sahanini.
Kwenye elfu tatu naitafuta kucha ya teke,
mgongano wa kirungu na ngozi,
ili hata redio ya jikoni, isiyo na kifua,
ijue kwamba kuna mtu amepiga hodi.
Chini ya thelathini nakata yote.
Huko hamna muziki, kuna tramu tu
inayopinda kwenye kona ya kiwanda.

Likabaki tope.
Mia mbili hadi mia nne, sauti zote hujazana
kama makoti yaliyotundikwa msumari mmoja.
Dawa yake ni ya kikatili: unakipandisha kitufe juu mno,
unazungusha polepole, unautafuta ubaya
mpaka upige kelele wenyewe,
kisha unaukata papo hapo.

Nikapandisha. Nikazungusha.
Mia mbili na kumi: mbao za sakafu.
Mia mbili na hamsini: kiti, kikilia chini ya mtu mzito.
Mia mbili na themanini:

Witold.
Si gitaa lake. Yeye.
Anaguna. Anaifuata kila noti kwa koo,
mdomo umefungwa, nusu toni chini ya wimbo,
kama mtu anayezihesabu ngazi gizani.

Kwenye sofa alikuwapo Jagna, bintiye, na koti lake mwilini.
Alikuja kusaini karatasi tu.
"Ndivyo alivyokuwa akiosha vyombo," akasema,
akavitazama viatu vyake.

Kanuni naijua: hapo ndipo pa kukata.
Miaka kumi na tisa nawafundisha hivyo wanagenzi.
Kidole kilikuwa kwenye kitufe,
desibeli sita zikiningoja upande wa kushoto.
Nikikata, besi inang'aa kama sahani.
Nikiacha, wimbo unatembea na matope magotini.

Ksawery akaweka glasi chini.
Walipiga pamoja miaka ishirini na minne,
na mitano ya mwisho walisalimiana kwa vichwa tu,
kwa sababu ya gari la vyombo, au deni la gari la vyombo,
sikuwahi kuelewa.
"Toa kwangu," akasema.
"Nini?"
"Hapohapo. Kwenye ngoma yangu. Toa unachotaka."

Nikatoa sita. Nikatoa nane.
Ngoma ikapungua tumbo, ikabaki mguu na kucha,
na katika pengo lile Witold akaketi
na kiti chake, na guno lake,
wala wimbo haukuzama.

Hakuna aliyelia. Baridi ilikuwa kali mno.
Jagna aliomba ubeti wa pili urudiwe, kisha urudiwe tena,
halafu akauliza kalamu iko wapi.
Tramu ikapita; kijiko kikatetemeka ndani ya glasi,
spika zisiseme kitu.

Daftarini, safu ya ngoma, niliandika namba zote.
Safu ya besi niliandika: usiguse.
Asubuhi nikakuta mstari mwingine chini yake,
mwandiko wa Ksawery, sijui aliuandika saa ngapi:
"Teke bado halisikiki."