Punje Tisa za Kukosea

Saa kumi na nusu, Chikongola bado haijaadhiniwa,
naosha miguu, nafunga nywele,
natia mkono katika mfuko wa kitambaa.
Punje mia na nane za mti wa tulsi,
zimelainishwa na vidole vya mama, kisha vyangu.
Hare Krishna, Hare Krishna,
na kwenye punje ya arobaini namkumbuka fundi Chilumba
aliyebeba mabati sita kwa mkopo.
Kwenye ya arobaini na moja bado namkumbuka.

Bi Somoe, tuliyegawana ukuta, tasbihi yake ina tisini na tisa.
"Kokila, hizo tisa ulizonizidi ni za nini?"
"Za kukosea."
Alicheka hadi akakohoa,
akasema basi angeniazima.

Dukani napima misumari.
Ninayemwabudu, utotoni aliiba siagi,
akakana huku midomo inang'aa.
Namwona amekaa kwenye sahani ya mizani,
anabembeza miguu,
ananitazama kidole changu cha gumba.
Nakiondoa.

Mchana napika kunde za nazi, bila kitunguu, bila saumu,
mji mzima unanukia samaki.
Sionji. Wa kwanza kuonja ni Yeye,
chumvi naikisia kwa pua.
Siku nyingine anakula chumvi tupu, hanuni.
Marehemu mume wangu alikuwa akinuna.

Mwaka juzi mchwa walikula picha yake ukutani,
wakaacha mguu mmoja na mkia wa ng'ombe.
Nikampelekea Nandonde, mchongaji, kalenda ya zamani.
"Huyu nani?"
"Mchunga ng'ombe. Hupiga filimbi."
"Jina?"
"Krishna. Maana yake Mweusi."
Aliigeuza kalenda kwenye jua, akaigeuza tena.
"Sasa mbona mmempaka buluu?"

Nilikuwa na majibu. Ya mawingu ya mvua, ya anga, ya bahari isiyo na kina.
Hayakutoka.
Nilimkumbuka bibi yangu,
aliyemwimbia Mweusi kila alfajiri kwa machozi,
kisha akawatafutia wanawe wake
weupe kama maziwa.
Mimi nilikataliwa nyumba mbili
kabla ya yule mnunaji kukubali.

Akaja kwa bodaboda ndani ya gunia la korosho,
mpingo mtupu, mzito kama mtoto aliyelala.
Pua pana. Mashavuni chale tatu,
ambazo sikuziagiza.
Filimbi ilivunjikia kwenye mashimo ya barabara ya Nanyamba.
"Nitaigundisha," Nandonde alisema kwenye simu.
Nilimjibu vibaya, nikamfunika kwa khanga,
nikalala na hasira.
Na Bwana naye alilala hivyo hivyo, chini ya methali ya watu.

Alfajiri nilimfunua ili nimrudishe.
Mikono ameinua, vidole vimekunjwa kushika hewa,
midomo imeshaanza kupuliza.
Nilisimama na gunia mkononi muda mrefu.
Nilimkatia kitambaa cha manjano kwenye pazia,
nikamfunga kiunoni.
Bi Somoe alichungulia dirishani, akasema,
"Huyo amefanana na mjomba wangu wa Kitaya,"
akaenda zake kuwasha jiko.

Tumebaki nyumba nne hapa mjini.
Wanangu wako mbali, hupiga simu Diwali,
huniuliza, mama, unaomba na nani?

Umeme ukikatika simwoni kabisa.
Mweusi gizani, nitamwona wapi?
Napapasa rafuni: kopo la rangi lenye mche wa tulsi,
kibiriti, kifundo cha mguu wake, goti,
halafu lile pengo kati ya mkono na mdomo.
Punje moja hukaa pale sawasawa.
Naiacha kidogo, kisha naichukua,
nimeshasahau nilifika ngapi.
Sabini? Sitini na kitu?
Naanza upya.

Chilumba hajalipa.