Waya wa Ardhi

Sanduku nimelipata Isevya, kwa mama mmoja
aliyekuwa akilelea vifaranga ndani yake.
Kabla ya vifaranga lilibeba tumbaku.
Nimeliosha mara tatu, nimelianika siku mbili,
bado ukiinamia tundu la spika unapiga chafya.

Transfoma imetoka kwenye stabilaiza ya mahakama,
ile iliyopigwa na radi ikafa ubongo
moyo ukabaki mzima.
Bati la kupozea ni kitako cha sufuria ya matobolwa.
Mama anaiulizia.
Namwambia itarudi.

Transista za mwisho nimenunua mpya, hapo sikubania:
arobaini na moja, arobaini na mbili,
Kulwa na Doto.
Wimbi likipanda ni la Kulwa, anasukuma,
likishuka ni la Doto, anavuta,
na pale katikati, wanapopokezana,
sauti hukwaruza kama kijiko kwenye ukoko
usipowawekea dayodi mbili za kuwaamsha mapema.
Kitu cha senti.
Bila hicho pacha hawapeani mkono.

Kazi yenyewe ni ya Kasele, kaka yangu,
mpiga solo wa harusi zote za Cheyo.
Hakuja. Alimtuma mwanawe Igogo na karatasi:
"Nitengenezee amplifaya. Nitalipa kama mtu baki."
Mtu baki!
Ziwa tulilonyonya ni moja.
Tangu baba afe tunaonana kwenye Baraza la Kata tu,
yeye na ramani yake, mimi na mashahidi wangu,
tukigombea hatua kumi na mbili za mchanga wa Malolo
na kisima kilichokauka.

Saa nne usiku nikawasha.
Kwanza kupitia balbu ya wati sitini,
kama mwoga yeyote mwenye akili.
Balbu ikang'aa, ikafifia. Hakuna moshi.
Nikapandisha volyumu, ukaja:
mmmmmm,
ule mvumo mnene wa hamsini,
mzinga uliopigwa teke.

Nikabadili kapasita kubwa. Mmmmmm.
Nikaigeuza transfoma ubavu. Mmmmmm.
Nikailaumu Tanesco, nikailaumu radi,
nikamlaumu Kasele kwa jina na kwa ukoo
(ukoo ambao ni wangu).
Treni ya Mwanza ikapiga honi, ikaondoka,
honi ikaisha,
mvumo ukabaki.

Saa nane ndipo nikaona.
Jeki ya gitaa ina waya wake wa ardhi,
spika ina wake, transfoma ina wake,
na kila mmoja umejitafutia pa kushika,
huu pembeni, huu kwenye bodi, huu kwenye bati.
Ardhi ikiwa na njia mbili, hunung'unika.
Sijatunga mimi.
Fundi Mtogwa alinifunza hivyo, huku akitafuta miwani
iliyokuwa kichwani kwake.

Nikazikata zote.
Nikazileta kwenye boliti moja,
nikayeyusha risasi, nikapuliza.
Kimya.
Kimya cha kusikia saa ya ukutani ya jirani.
Nikagusa ncha ya jeki kwa kidole: krrr.
Iko hai.

Asubuhi Igogo alikuja na baiskeli na mipira ya kufungia.
Nikamwambia: mwambie baba yako,
akifungua nyuma, ile boliti asiiguse.
"Ipi, shangazi?"
Ile ambayo zote zinakutania.
Akarudia maneno hayo mara mbili asije akayasahau.
Pesa nikapokea. Nikazihesabu mbele yake,
noti kwa noti, kama mtu baki.

Baraza ni Alhamisi. Mashahidi wangu wako palepale.

Lakini jana, Jumamosi,
upepo ulipogeuka kutoka Cheyo,
gitaa lilikuja hadi uani kwetu,
jembamba, safi, bila nyuki.
Mama akaacha kupepeta.
Nikamwambia:
sikiliza, ile sufuria yako.